Koa Aliyehamia Bahari ya Kati

Msomaji mpenzi, kama wewe ni mtu wa pwani, bila shaka umepata kuwaona makoa wa baharini wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali. Ni ndugu za konokono, lakini nyumba ya mgongoni hawana. Wapita njia hawawajali, maana hawaliwi wala hawauzwi kama majongoo ya bahari. Leo nataka kukueleza habari za mmoja wao aliyehama kwao akaenda kukaa ugenini.

Wataalamu humwita Melibe viridis. Daktari Kelaart, aliyekuwa kisiwani Ceylon (leo Sri Lanka), ndiye aliyemwandika mwaka 1858. Jina hilo la Kilatini maana yake ni kijani, lakini mara nyingi utamkuta ana rangi ya hudhurungi iliyofifia, mwili laini, nao karibu upenyeze nuru. Urefu wake hupita upana wa kiganja cha mtu mzima. Mgongoni ana safu mbili za vitu mfano wa majani manene, na ukimshika kwa nguvu majani hayo humwagika mkononi mwako, yeye akaenda zake. Mjusi huacha mkia mmoja. Huyu huacha vipande kadhaa kwa mara moja.

Lakini ajabu yake ni kichwa. Konokono wengi wana ulimi wa kukwangulia chakula, ulimi wenye meno madogo madogo. Huyu hana. Badala yake ana ushungi mpana kinywani, na pembezoni mwake zimeota ndevu nyingi. Hutambaa polepole juu ya mchanga na nyasi za bahari, hutandaza ushungi ule, kisha huushusha ghafla, kama mvuvi anavyotupa kimia. Ndevu zikagusana na kufunga mlango, na vikamba na vikaa vilivyokuwa chini yake vimekwisha. Akifukuzwa, hujitupa majini akajipinda kushoto na kulia, naye huogelea hivyo hivyo. Sina mnyama mwingine wa kumfananisha naye.

Kwao ni Bahari ya Hindi na sehemu ya magharibi ya Pasifiki, toka pwani zetu hizi hadi Australia. Basi mwaka 1970 alionekana Ugiriki, kisiwani Kefalonia! Baadaye akaonekana Italia upande wa Messina, kisha Uturuki na Cyprus, na mwaka 2001 kisiwani Hvar, nchi ya Croatia. Hutaga mayai kama utepe uliokunjwa-kunjwa, na watoto wakitoka huchukuliwa na maji. Hiyo ndiyo njia yake ya kuenea akishafika mahali. Lakini alifikaje?

Njia ya kwanza ni Mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka 1869. Mfereji huo hauna milango ya kuzuia maji, kwa hiyo Bahari ya Shamu na Bahari ya Kati zimeunganishwa wazi. Zamani chumvi nyingi ya Maziwa Machungu, yaliyo katikati ya njia, iliwazuia wengi. Chumvi ile ikayeyuka kidogo kidogo, na mfereji ukapanuliwa mara kwa mara. Mamia ya viumbe wamekwisha pita. Njia ya pili ni meli. Meli isiyo na shehena hujaza maji tumboni yawe farumi, isipinduke, nayo huyamwaga bandari nyingine pamoja na vyote vilivyomo. Mimi nadhani meli ndiyo iliyomleta koa wetu, kwa kuwa Kefalonia ni mbali sana na mlango wa mfereji. Lakini wako wasemao ni Suez.

Utauliza, koa mmoja ana hasara gani? Yeye mwenyewe hajulikani kuleta hasara kubwa. Lakini njia hizo hazichagui. Mwaka 2003 alionekana Uturuki bunju mmoja wa kutoka bahari zetu. Watu wa pwani yetu wanamjua bunju tangu utotoni, wanajua sumu yake. Wavuvi wa kule hawakumjua. Wako waliomla wakalazwa hospitali, na hata leo anakata nyavu zao kwa meno.

Na Wagiriki walimjuaje koa kuwa ni mgeni? Kwa sababu wenyeji wa bahari yao walikwisha andikwa mmoja mmoja. Kwetu aliyefanya kazi hiyo mapema ni Charles Eliot, Kamishna wa Himaya ya Uingereza ya Afrika ya Mashariki tangu 1900 hadi 1904. Kenya anakumbukwa kwa mashamba aliyotaka wapewe walowezi. Wachache wanajua kwamba mtu huyo huyo alikuwa bingwa wa makoa, akaandika habari za wale wa Unguja na pwani yetu. Tangu hapo wataalamu wameongeza, lakini ziko fungu na hori nyingi ambazo mtu wa kalamu hajafika.

Nazo meli zinaingia Mombasa na Dar es Salaam kila siku. Mapatano ya mataifa juu ya maji ya farumi yalifanywa mwaka 2004, yakaanza kutumika Septemba 2017, nayo yanataka maji hayo yasafishwe kabla ya kumwagwa. Wala si kila mgeni ni adui: mwani wanaolima akina mama wa Unguja tangu mwaka 1989 mbegu yake ilitoka Ufilipino, nao umesomesha watoto wengi. Lakini mwani ule uliletwa na watu waliojua wanacholeta.

Ukitaka kumtafuta Melibe huku kwetu, nenda usiku na taa, maji yakiwa yamekupwa, utazame polepole penye mchanga na nyasi. Ukimwona, usimshike, majani yake yatamwagika. Mtazame tu anavyotupa kimia.