Ukoloni Ulianzia Kiwandani

Watoto wetu husoma shuleni habari za Chifu Mangungo wa Msovero, aliyetia alama yake kwenye karatasi ya mkataba ya Mjerumani Carl Peters mwezi Novemba 1884, na wengi hutoka darasani wakiamini kwamba nchi ilipotea kwa sababu mzee mmoja wa Usagara hakujua kusoma Kijerumani. Hata leo, mkataba wowote ukionekana mbovu, jina la Mangungo hutajwa kama tusi. Nasema wazi kwamba somo hili limekaa vibaya na linatudhuru. Linamtwika aliyeonewa lawama ya aliyemwonea, na tena linatufanya tutafute chanzo cha ukoloni mahali ambapo hakikuwapo. Chanzo kilikuwa katika viwanda vya Ulaya, katika njaa yao ya malighafi na hofu yao ya kukosa soko. Nazo sura ambazo ukoloni ulijivika, mara ubalozi, mara kampuni, mara serikali yenye askari na kodi, zilichaguliwa kwa kupima ipi ina gharama ndogo kwa mwenye kiwanda na mwenye benki.

Anayedhani kosa lilikuwa ujinga wa kusoma na amtazame Sayyid Barghash wa Unguja. Huyu alikuwa na makarani, mabalozi wa mataifa makubwa walikaa mjini kwake, waya wa simu ya maandishi ulipita chini ya bahari hadi kisiwani, na meli zake za moshi zilifanya biashara. Alipopata habari kwamba Kaisari wa Ujerumani ametoa hati ya kuilinda kampuni ya Peters, tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, Barghash alipeleka malalamiko yake Berlin kwa simu. Alijua haki yake na aliieleza. Jibu lilikuja mwezi Agosti: manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake. Balozi wa Uingereza, John Kirk, aliyekuwa mshauri wake kwa miaka mingi, aliagizwa na London asiwazuie Wajerumani, maana Uingereza ilihitaji msaada wa Bismarck, kansela wa Ujerumani, katika mambo ya Misri. Mwaka uliofuata mataifa hayo mawili yaligawana bara, na sultani akaachiwa visiwa vyake na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi. Basi kama msomi mwenye hazina na meli hakunusurika, Mangungo angefanyaje? Karatasi ile haikuandikwa ili Mangungo aielewe. Iliandikwa ionyeshwe London, Paris na Brussels, kwamba hapa pameshikwa na mtu.

Lakini kwa nini wakati ule? Wazungu walikuwa wamepita pwani hii karne nyingi. Wareno walijenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwishoni mwa karne ya 16, wala hawakuitawala Tabora. Kilichobadilika ni mashine. Kiwanda cha kusokota nyuzi hakiwezi kungoja. Siku pamba isipofika, moto wa boila unazimwa na maelfu ya wafanyakazi wanakaa bila mshahara. Hayo yaliipata Lancashire wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, pamba ya majimbo ya kusini ilipozuiwa. Njaa iliingia katika miji ya Uingereza iliyojiona tajiri kuliko yote duniani, na funzo likawakaa wenye viwanda wa Ulaya nzima: ni hatari kutegemea shamba la mtu mwingine. Kisha, kuanzia 1873, biashara ya Ulaya ilidorora kwa miaka mingi, bei zikashuka, na nchi baada ya nchi ikapandisha ushuru ili kuzuia bidhaa za jirani. Kila mwenye mali akaogopa kwamba jirani ataizungushia ukuta sehemu ya dunia iliyobaki. Wakati huohuo Mfereji wa Suez, uliofunguliwa 1869, ulikuwa umeifupisha safari, kwinini ilipunguza vifo vya homa, na bunduki ya Maxim ilibuniwa katika mwaka uleule wa Mangungo. Haja ilikuwapo, na sasa uwezo ukapatikana.

Sura ya utawala ilifuata gharama. Palipotosha mkopo, mkopo ulitumika: Misri ilifungwa kwa madeni kwanza, wakaguzi wa Ulaya wakakaa juu ya hazina yake tangu 1876, na jeshi la Uingereza likaja 1882 Wamisri walipokataa. China haikuchukuliwa nzima. Ilitosha kuilazimisha kwa mizinga ifungue bandari zake, kama ilivyofanyika katika Mkataba wa Nanjing wa 1842. Kwetu, Waingereza waliridhika kwa muda mrefu na ushauri wa balozi, kwa kuwa ushauri ni rahisi kuliko kikosi. Bismarck naye hakutaka kuigharimia nchi, akaiachia kampuni itawale na kukusanya ushuru. Kampuni ilipoingia katika miji ya pwani mwaka 1888, watu wa Pangani na miji mingine waliinuka wakiongozwa na Abushiri bin Salim na Bwana Heri, nayo ikashindwa kabisa. Hapo ndipo serikali ilipokuja na kamanda Wissmann na askari wake. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, na tangu 1891 Berlin ikatawala moja kwa moja. Na kampuni je, ilikula hasara? La hasha! Ililipwa fidia kutokana na mapato ya forodha ya pwani ileile iliyoikataa, ikabaki na haki nyingi za ardhi.

Kama kuna mahali ambapo kiwanda cha Ulaya kilionekana kwa macho katika kijiji cha Kiafrika, ni kusini mwa Tanganyika kati ya 1902 na 1905. Wafumaji wa Ujerumani walinunua pamba yao kwa wingi kutoka Marekani, na wenye viwanda walikuwa na kamati yao ya kutafuta malighafi katika makoloni, iliyoundwa 1896. Gavana von Götzen akaamuru kila jumbe awe na shamba la pamba la pamoja, na wanakijiji walilime kwa zamu. Aliyechelewa alipigwa kiboko na askari wa akida. Msimu wa kulima pamba ulikuwa pia msimu wa kulima mtama na mpunga, kwa hiyo kila siku iliyotolewa kwa pamba iliondolewa kwenye chakula cha watoto. Fedha ilipogawanywa, malipo ya mkulima yalikuwa madogo mno hata wapo waliokataa kuyapokea. Mwishoni mwa Julai 1905, katika vilima vya Umatumbi, watu wa Nandete waliingia shambani wakang'oa miche ya pamba. Hilo ndilo lililokuwa tangazo lao la vita. Hawakuanza na kanisa wala bendera. Walianza na mche, kwa sababu walijua vizuri kilichowaleta Wajerumani. Kinjikitile Ngwale, mganga wa vita hivyo vya Majimaji, alinyongwa Mohoro katika mwezi wa kwanza wa vita, na baada yake Wajerumani walichoma ghala na mashamba mpaka njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Wakubwa wa Kijerumani wenyewe walikiri vifo 75,000. Wanahistoria wetu wanaona vilizidi 200,000.

Wako watakaosema kwamba Wazungu walikuja kukomesha utumwa. Sikatai kwamba wamishenari wengi waliuchukia kwa dhati, na soko la Mkunazini lilifungwa 1873 kwa kulazimishwa na Waingereza. Lakini tazameni jinsi hoja hiyo ilivyotumika. Januari 1889 Bunge la Ujerumani lilitoa marki milioni mbili kwa jina la kupambana na biashara ya watumwa, na fedha hizo ndizo zilizomlipa Wissmann apigane na Abushiri. Baada ya ushindi, Wajerumani hawakuufuta utumwa kabisa hata walipoondoka. Ulikomeshwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 chini ya Waingereza. Na wakati dunia ikiimbiwa uhuru wa mtumwa, Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliwafunga mateka wanawake wa Kongo hadi waume zao walete mpira, kwa kuwa matairi ya upepo, yaliyobuniwa 1888, yalikuwa yamepandisha bei yake.

Hoja nyingine ni nzito zaidi, na inastahili jibu. Husemwa kwamba makoloni hayakuleta faida: mtaji mwingi wa Uingereza ulikwenda Marekani na nchi nyingine zisizo za Afrika, na Berlin ilikuwa ikiitolea Afrika Mashariki ruzuku karibu kila mwaka. Ni kweli. Lakini anayelipa na anayepata si mtu mmoja. Ruzuku ilitoka kwa mlipa kodi wa Ujerumani. Faida ya reli, ya mkonge na ya fidia iliingia kwa wachache wenye hisa. Wengi walikosea katika matumaini yao, naam, lakini mtu anayekuvamia kwa matumaini ya dhahabu na asiipate, bado alikuja kwa ajili ya dhahabu. Kuhusu reli sitasema mengi: fuateni ile ya Tanga au ile iliyofika Kigoma 1914, mtaona imelazwa kutoka bandarini kwenda kwenye mazao, si kutoka soko letu hadi soko letu.

Wapo pia wanaotaja fahari za wafalme na ushindani wa mataifa. Vilikuwapo, na Ufaransa iliyoshindwa vita 1871 ilitafuta heshima yake ng'ambo. Ila fahari peke yake haijengi reli wala haidai pamba.

Kwa hiyo nawaomba walimu wamwondolee Mangungo aibu ambayo si yake, na wawafundishe vijana kuuliza maswali ambayo wazee wa Nandete waliyajibu: zao hili linakwenda kwa nani, nani anapanga bei, na kazi yenye faida inafanyika wapi? Hadi leo sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania husafirishwa ikiwa marobota ya pamba nyuzi, nasi tunanunua mitumba. Mwaka 2017 Bunge letu lilipitisha sheria inayolipa uwezo wa kupitia upya mikataba ya maliasili yenye masharti hasi. Uwezo huo ni wenu pia, wasomaji. Mbunge wenu atakapokuja kuwasalimu, muulizeni ameusoma mkataba gani, na msimwache aondoke kabla hajajibu.