Aangukaye Mfunike Leso

Leo nataka tuzungumze juu ya maradhi ambayo hapa pwani hatupendi hata kuyataja. Tukiulizwa, twasema "ana maradhi ya kuanguka", kisha tukageuza maneno. Jina lake ni kifafa, na mwenye kuichunguza lugha ataona kuwa ndani yake mna kufa. Wazee walimwona mtu yu mzima, ghafla akakakamaa, akatoka povu, akalala kama maiti, kisha akaamka akauliza kuna nini. Wakasema amekufa kifo kidogo. Kwa walichokiona hawakukosea. Lililotudhuru ni yale yaliyoongezwa: kwamba ni pepo, kwamba karogwa, kwamba povu lake huambukiza.

Hata mtoto mchanga tulimsingizia ndege. Homa ikipanda akatetemeka, husemwa ana dege, ndege wa usiku kampitia. Leo twajua kuwa homa yenyewe yaweza kumtetemesha mtoto, na kwamba malaria ikipanda kichwani yaweza kuujeruhi ubongo na kuwa chanzo cha kifafa baadaye. Ndege wa watu hana kosa.

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Chembe za ubongo hupelekeana habari kwa nguvu iliyo kama ya umeme, na zinaporipuka pamoja bila ya mpango, mwili hushikwa. Wako wasioanguka kabisa: mtoto hukodoa macho tu kitambo kidogo, mwalimu akadhani hasikilizi, akamchapa. Watafiti wa Kilifi wamekuta kuwa miongoni mwa sababu ni taabu za wakati wa kuzaliwa na majeraha ya kichwa. Basi kijana apandaye bodaboda bila ya kofia ngumu naye limhusu neno hili.

Shirika la Afya Duniani lakisia kuwa watu kama milioni 50 wana maradhi haya, na kwamba hadi 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila ya kuanguka lau wangechunguzwa na kutibiwa sawasawa. Wala dawa si ngeni. Fenobabitoni, ambayo ni rahisi kuliko nyingi, imetumika tangu 1912. Lakini mgonjwa akimaliza miezi miwili salama, jamaa husema kapona, vidonge vikaachwa. Kuviacha ghafla kwaweza kuleta mtukutiko usiokatika, na huo huua.

Najua nitaulizwa: na kombe je? Mimi nimesomea chuoni, kombe la zafarani nimelinywa, na sina ugomvi na dua. Lakini Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu. Na katika Bukhari na Muslim mna habari ya mwanamke mweusi aliyemwendea akishitaki kuwa huanguka na mwili wake ukafunuka. Akapewa khiari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua kusubiri, ila akaomba dua moja, asiwe anafunuka, akaombewa. Masheikh huisimulia habari hii kwa ajili ya subira. Mimi hunishika ile haja yake ya pili. Hata baada ya kuahidiwa Pepo, bado mama yule alitaka stara.

Na sisi stara hiyo twainyima. Katika harusi moja ya mtaani hapa Mombasa nilimwona msichana akianguka. Watu wakakimbia na sahani zao za pilau, mmoja akarudi na kijiko ampanue meno. Aliyemwokoa ni mama mmoja muuza mahamri. Alikitupa kijiko, akasogeza viti, akamlaza ubavu, leso moja akaikunja chini ya kichwa, na nyingine akamfunika, kwani alikuwa amejikojolea. Hakumkandamiza. Daktari naye asingefanya zaidi ya hayo, ila pengine angetazama saa, maana mtukutiko ukipita dakika 5 ni wajibu kutafuta gari la hospitali. Wiki ile ile posa ya msichana yule ikarudishwa.

Hao walioirudisha posa ni watu wa swala tano. Ningependa kujua ni hoja gani iliyowaongoza, maana mwenye kifafa huoa, huolewa, huzaa, na husoma hadi chuo kikuu.

Waganga wetu siwaambii wafunge milango, kwa sababu wengi huanzia kwao. Nawaomba wamwambie mgonjwa aende hospitali, wasimkataze vidonge. Serikali za kaunti nazo zihakikishe vidonge hivyo havikosekani katika zahanati za vijijini, ili mtu wa Ganze asipande matatu hadi mjini kuvifuata. Na walimu wa vyuo wamwache mtoto huyu akae mkekani pamoja na wenzake, ila wasimtume kisimani peke yake, wala wasimweke jikoni penye moto, kwani huko ndiko wengi wanakozama na kuungulia.