Tusilaumiane Bila Kupima Maji

Wakulima wenzangu, Mto Ngong wapita kando ya Mukuru kwa Reuben na viwanda vya Nairobi, waingia Mto Nairobi, kisha Athi, na maji yake hufika baharini karibu na Malindi. Njiani wako wakulima wanaonyweshea maji hayo mboga na ng'ombe wao. Yakinuka, mwenye kiwanda husema ni vyoo vya Mukuru, watu wa mjini husema ni mbolea ya mashamba, nasi husema ni viwanda. Wote twasema, ni nani aliyepima?

Siku hizi iko njia. Naitrojeni, iliyomo katika mbolea na katika choo, ina namna mbili, nyepesi na nzito, ambazo wataalamu huziita isotopu. Mbolea ya chumvichumvi hutengenezwa kwa naitrojeni ya hewani, kwa hiyo kiasi cha nzito ndani yake ni karibu sawa na kile cha hewani. Lakini katika samadi na maji ya vyoo, nyepesi hupeperuka upesi pamoja na ile harufu kali ya amonia, na nzito huzidi. Hivyo naitrati ya mtoni au kisimani hutoa habari za kwao. Risasi nayo, hata ikiyeyushwa kiwandani, hubaki na alama ya mwamba ilikochimbwa.

Kipimo hiki si uganga. Samadi ya ng'ombe na choo cha watu hufanana, tena hakitaji jina la mwenye bomba. Kwa hiyo yafaa maji yatekwe juu na chini ya kila mfereji, wakati wa kiangazi na wa mvua.

Maoni yangu ni haya: NEMA na Mamlaka ya Rasilimali za Maji zipime hivyo, na majibu yabandikwe kwa chifu, huko Mukuru na huku kwetu. Nasi tutoe mbolea na maji ya visima vyetu yapimwe. Tukionekana tuna hatia, tupunguze mbolea, tusiitie mvua kubwa ikikaribia, na tuache ukanda wa majani kando ya mto. Tukiwa safi, hatutabebeshwa mzigo wa mwingine, wala maskini wa Mukuru hatabebeshwa mzigo wa kiwanda.

Mficha maradhi, kifo humwumbua. Tupime kwanza, ndipo tuseme.