Mabingwa wa Mpira wa Vikapu Hutoka Miji Gani?

Ukitaka kuwasha moto katika darasa letu la kidato cha tatu wakati wa mapumziko, huhitaji kibiriti. Uliza tu ni jiji gani duniani linalotoa wachezaji wengi wa kulipwa wa mpira wa vikapu. Papo hapo utasikia, New York! Chicago! Kutoka nyuma mwingine atapaza sauti, Los Angeles! Kisha atatokea mmoja wa kutuambia ati tunapoteza wakati bure, kwani kipaji ni cha damu na urefu, na sisi wasichana wenye kimo cha kuku twende zetu tukacheze kati.

Nimemwomba mhariri anipe nafasi nijibu. Kwa maoni yangu, wanaotaja majiji makubwa wanahesabu nusu nusu, na yule wa damu na urefu hajaanza hata kuhesabu.

Hebu tuanze na New York, kwa maana ndiyo inayotajwa zaidi. Sikatai kwamba imetoa magwiji. Bob Cousy alitoka huko, na Kareem Abdul-Jabbar alizaliwa huko mwaka 1947. Chicago nayo ina haki ya kujigamba. Kila mwaka timu za NBA hupokezana kuchagua vijana wapya, na anayechaguliwa wa kwanza ndiye anayetazamiwa kuwa moto wa kuotea mbali. Mark Aguirre alichaguliwa wa kwanza mwaka 1981, Derrick Rose mwaka 2008 na Anthony Davis mwaka 2012. Wote watatu ni wana wa Chicago. Isiah Thomas na Dwyane Wade pia walizaliwa huko huko.

Lakini New York ilihesabiwa kuwa na watu milioni 8.8 mwaka 2020. Chicago ina zaidi ya milioni mbili na nusu. Ukitupa wavu katika ziwa lenye samaki wote hao, ajabu itakuwa kama hutapata kitu! Mama mwenye kuku mia akiuza mayai mengi kuliko jirani mwenye kuku watatu, hatusemi kuku wake ndio hodari. Tunauliza kila kuku ametaga mangapi.

Isitoshe, hata kujua mchezaji ni wa mji gani ni kazi. Michael Jordan, ambaye picha yake katika jezi ya Chicago imebandikwa kwenye matatu hata kabla sijazaliwa, si mtu wa Chicago. Alizaliwa Brooklyn mwaka 1963 na kulelewa Wilmington, katika jimbo la North Carolina. LeBron James na Stephen Curry walizaliwa katika mji mmoja, Akron, huko Ohio, lakini Curry alikulia Charlotte ambako baba yake alikuwa akicheza. Kobe Bryant alizaliwa Philadelphia, utotoni akaishi Italia. Na Nuni Omot, aliyeichezea Sudan Kusini katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, alizaliwa wapi? Nairobi! Kumbe tukitaka tunaweza kujipigia makofi. Ila alilelewa Minnesota, Marekani, na sidhani kuna mtu Nairobi aliyemshikisha mpira. Mimi humhesabu mchezaji pale alipojifunzia kazi, si pale kitovu kilipozikwa.

Sasa nikitaja Kinston, wengi watauliza ni wapi huko. Ni mji mdogo wa North Carolina, nchi ya tumbaku, wenye watu kama 20,000. Uwanja mmoja tu wa mpira wa miguu wa hapa kwetu unaweza kuwameza wote, na nafasi ikabaki. Mji huo ulimtoa Cedric Maxwell, aliyeingia NBA mwaka 1977 na kuwa mchezaji bora wa fainali za mwaka 1981 akiwa na Boston. Ukamtoa Mitchell Wiggins, kisha Charles Shackleford. Ukamtoa Jerry Stackhouse, aliyechaguliwa wa tatu mwaka 1995. Ukamtoa Reggie Bullock mwaka 2013, na Brandon Ingram, aliyechaguliwa wa pili mwaka 2016.

Hao ni sita. Timu za NBA ni 30, na kila moja ina nafasi 15 za kandarasi kamili, yaani watu 450 kutoka dunia nzima. Chukua kalamu upige hesabu, maana hata mwalimu wa hisabati atafurahi. New York ina watu zaidi ya mara 400 kuliko Kinston. Ili iwe sawa na Kinston, ingepaswa kuwa imetoa wachezaji zaidi ya 2,000 katika muda huo huo. Haijatoa wala haitatoa.

Rafiki yangu mmoja, tunayekaa naye dawati moja, aliposoma nakala yangu ya kwanza aliniambia hiyo ni bahati tu. Mji mdogo ukipata watu wawili watatu basi hesabu inaonekana kubwa. Hoja yake ina uzito na siidharau. Lakini kutoka Maxwell hadi Ingram ni miaka 39. Bahati gani hiyo inayokaa mji mmoja miaka 39 bila kuhama?

Ukiangalia kwa makini utaona kitu kingine. Baba yake Ingram alikuwa msimamizi wa ukumbi wa michezo pale mjini. Stackhouse, alipokuwa amekwisha kupata jina na pesa, alianzisha timu ya vijana, na Ingram akaichezea. Yaani mkubwa alirudi akamvuta mdogo, na mdogo alikuwa na mahali pa kurushia mpira kila jioni. Mtoto wa Kinston hakuhitaji kuota kwamba mtu kama yeye anaweza kufika. Alimwona kwa macho, amevaa viatu, yuko upande wa pili wa uwanja.

Na wewe wa urefu, sogea karibu, nina habari yako. Baltimore, mashariki ya Marekani, kuna shule ya umma inayoitwa Dunbar. Haina mabweni. Wanafunzi wake hutoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni kama sisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 timu yake ilifundishwa na Bob Wade, na ilikuwa na vijana wanne waliokuja kucheza NBA: David Wingate, Reggie Williams, Reggie Lewis na Muggsy Bogues. Wanne, shule moja, wakati mmoja! Mwaka 1987 watatu kati yao walichaguliwa katika raundi ya kwanza: Williams wa 4, Bogues wa 12 na Lewis wa 22.

Huyo Bogues urefu wake ni sentimita 160. Nimepimwa juzi kwenye ukuta wa maabara na mimi ni 163. Alicheza NBA miaka 14, akiwanyang'anya mpira majitu ambayo kichwa chake kiliwafika kifuani. Alikulia katika nyumba za serikali za watu wa mapato ya chini, na katika majengo hayo hayo kulikuwa na ukumbi wa michezo. Angezaliwa mtaa usio na ukumbi, huenda leo angekuwa mtu mfupi tu wa Baltimore ambaye hakuna amjuaye.

Kuna watakaosema kwamba mambo haya ni ya Wamarekani, mchezo wameuanzisha wao. Haya, tuvuke bahari twende Kaunas, nchini Lithuania, mji wa watu kama 300,000. Arvydas Sabonis na Šarūnas Marčiulionis walizaliwa hapo, na wote wawili mwaka mmoja, 1964. Žydrūnas Ilgauskas akazaliwa hapo mwaka 1975. Wote watatu walifika NBA. Nchi nzima haina hata watu milioni tatu. Je, damu ya Lithuania ina nini?

Jibu liko katika mwaka 1939. Lithuania ilikuwa imeshinda ubingwa wa Ulaya mwaka 1937, kwa hiyo zamu ya kuandaa mashindano ya 1939 ikawa yao. Wakajenga Kaunas ukumbi maalumu wa mpira wa vikapu. Wakashinda tena. Vita vikaja, nchi ikamezwa na Muungano wa Kisovieti, lakini ukumbi ukabaki umesimama. Kule baridi ikishika, theluji hufunika kila kitu, na mtoto asiye na paa hachezi kwa miezi. Watoto wa Kaunas walikuwa na paa. Tena walikuwa na klabu yao, Zalgiris, ambayo ilianzishwa mwaka 1944 na mpaka leo ingali inacheza.

Sasa nirudi New York, kwa sababu sipendi kuonekana kama nailaani. Nilisema jiji hilo lina sifa kwa ukubwa wake, lakini ndani yake kuna vijiji, na vijiji hivyo ndivyo vyenye siri. Harlem kulikuwa na bwana mmoja, Holcombe Rucker, mfanyakazi wa idara ya bustani za jiji. Hakuwa tajiri. Aliwaandalia vijana wa mtaa mashindano ya kiangazi, na akawa mkali kuhusu masomo yao. Alifariki mwaka 1965, na mwaka 1974 uwanja mmoja wa Harlem ukapewa jina lake. Wachezaji wakubwa wa NBA wamekuwa wakienda kucheza hapo mbele ya watu wa mtaa.

Na wasichana? Wavulana wa darasa letu hawajawahi kuwataja hata siku moja, kwa hiyo nitawataja mimi. Katika eneo la Queens, New York, iko shule inayoitwa Christ the King. Chamique Holdsclaw alisoma hapo. Yeye alilelewa na nyanya yake katika nyumba za serikali za Astoria. Sue Bird alisoma hapo. Tina Charles alisoma hapo. WNBA, yaani ligi ya wanawake, nayo ina uteuzi wake wa kila mwaka. Holdsclaw alichaguliwa wa kwanza mwaka 1999, Bird wa kwanza mwaka 2002, Charles wa kwanza mwaka 2010. Shule moja! Kuna nchi nzima nzima ambazo hazijamtoa hata mmoja. Hiyo ni shule iliyoamua kwamba msichana akitaka uwanja, anaupata, na mkufunzi yupo.

Basi nikiulizwa ni jiji gani, jibu langu ni hili: ule mji ambao mtoto wa miaka kumi anaweza kutembea kwa miguu hadi kwenye kikapu, akakuta lango liko wazi, na ndani yumo mtu mzima anayejua jina lake. Kinston ni mji wa namna hiyo. Mtaa wa Bogues ulikuwa hivyo. Mitaa ya hapa kwetu bado.

Nchi yetu si kwamba haina watu. Mwaka 1993 Kenya iliandaa mashindano ya Afrika hapo Nairobi ikashika nafasi ya nne. Halafu ikakaa miaka 28 kabla ya kurudi katika mashindano hayo, Kigali, mwaka 2021. Mwaka 2025 Nairobi City Thunder ikawa timu ya kwanza kutoka Kenya kucheza Ligi ya Kikapu ya Afrika. Nilishangilia mpaka sauti ikanikauka. Lakini nilijiuliza pia, hiyo miaka 28 ni watoto wangapi walikua, wakarefuka, wakazeeka, bila kugusa mpira?

Uwanja wa shule yetu una vikapu viwili. Kimoja pete imeinama kama sikio la punda. Mpira hufungiwa stoo, na lango hufungwa saa kumi na nusu, wakati jua bado liko juu. Wenzetu wa shule za bweni hucheza mpaka kengele ya chakula cha jioni, sisi tunaambiwa twende nyumbani. Jumamosi hakufunguliwi kabisa. Uwanja wa mtaani umegeuzwa mahali pa kuegesha malori. Wasichana tumepewa siku moja kwa wiki, Jumanne, na mvua ikinyesha Jumanne basi ni mpaka wiki ijayo. Najua sababu zinazotolewa: usalama, wizi, na ati msichana akichelewa nani atachota maji na kupika? Maji nachota mimi kila siku, na nathibitisha kwamba mtungi haukimbii. Unaweza kungoja mpaka saa kumi na mbili.

Ninachopendekeza hakihitaji pesa za mfadhili. Lango liachwe wazi mpaka saa kumi na mbili jioni, Jumanne na Alhamisi. Wasichana wapewe hizo siku mbili, wavulana tayari wanazo nyingine. Jumamosi lifunguliwe saa tatu hadi saa sita. Mpira utolewe kwa kutia sahihi kitabuni, na atakayeupoteza alipe. Wanafunzi wawili waliomaliza hapa mwaka juzi wamekubali kuja kutufundisha bila malipo, na mzee wa lango amesema yeye hana neno, mradi apate barua kutoka ofisini.

Barua ya ombi tumekwisha kuiandika, kwa Kiswahili sanifu kabisa, na ina sahihi 41. Iko kwa katibu wa Chama cha Kiswahili. Anayetaka kuongeza yake amwone kabla ya Ijumaa, na wavulana pia wanakaribishwa.