Deni la Gitega, dola ya Muyinga

Mfanyabiashara wa Muyinga anayevuka Kobero kwenda Kabanga kuchukua mchele au saruji hajawahi kutia saini mkopo wowote na Benki ya Dunia. Hata hivyo, deni la nchi yake humkuta njiani. Faranga alizouzia sokoni hazimfikishi mbali ndani ya Tanzania, hivyo hutafuta shilingi au dola. Dola hizo ni zile zile chache za kahawa, chai na dhahabu ambazo serikali iliyoko Gitega inazihitaji kwa mafuta, dawa, mbolea na kulipa wakopeshaji wa nje. Zikiisha, mwenye duka huishia kwa wabadilishaji wa mitaani, ambako dola imekuwa ikiuzwa kwa zaidi ya maradufu ya bei ya benki.

Kwa sababu hiyo, tunaona suala la kufuta madeni ya nje ya nchi maskini linawahusu wasomaji wetu wa mpakani kuliko wanavyoambiwa. Msimamo wetu ni kwamba yafutwe. Lakini Burundi ilishafutiwa mara moja, na yaliyofuata yanastahili kutazamwa.

Agosti 2005 nchi hiyo ilikubaliwa katika mpango wa nafuu kwa nchi maskini zenye madeni makubwa. Januari 2009 ilitimiza masharti, na mwaka huo huo Klabu ya Paris nayo ikafuta madeni yake. Katika kipindi hicho ada za shule za msingi ziliondolewa, na Mei 2006 serikali ikatangaza kwamba akina mama watajifungua bure na watoto wa chini ya miaka mitano watatibiwa bure. Anayesema kufuta deni ni kumwaga maji mchangani awaulize wazazi walioandikisha watoto shule mwaka ule.

Na deni lenyewe lilikuaje? Vita vilianza 1993. Julai 1996, baada ya Meja Buyoya kurudi madarakani kwa mapinduzi, nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vilivyodumu hadi Januari 1999. Nia ilikuwa kuwalazimisha wakubwa wakae mezani. Kahawa ilikwama, mafuta na sukari vikapita kwa magendo, malimbikizo ya madeni yakaongezeka. Riba haikuwekewa vikwazo. Mpatanishi wa mazungumzo ya Arusha wakati huo alikuwa Mwalimu Nyerere, ambaye miaka kumi kabla yake alikuwa ameuliza kama Waafrika wawanyime watoto wao chakula ili walipe madeni. Sisi majirani, tunaoitana leo ndugu wa Jumuiya, tuna sehemu yetu katika hesabu hiyo, na sauti zetu zinapaswa kusikika Burundi inapoomba nafuu.

Baada ya 2009 mambo yaliharibika kwa njia nyingine. Kufuatia mgogoro wa 2015, Umoja wa Ulaya ulisimamisha Machi 2016 misaada ya moja kwa moja kwa serikali. Serikali ikageukia benki za ndani na benki kuu. Sehemu kubwa ya deni la Burundi leo ni hilo la ndani, na hilo Klabu ya Paris haina kalamu ya kulifuta. Linalipwa na kila mwenye faranga mfukoni. Mei 2023 thamani ya faranga ilishushwa kwa kiasi kikubwa. Mwezi uliofuata watu wakapewa siku chache tu kubadilisha noti za 5,000 na 10,000. Aliyekuwa safarini na mtaji wake kwenye kifurushi anajua zilikuwa siku gani.

Julai 2020 Shirika la Fedha la Kimataifa liliipa Burundi nafuu ya deni ya dola milioni 7 na ushei. Julai 2023 shirika hilo hilo likaidhinisha mkopo mpya wa takriban dola milioni 270. Hatusemi mkopo ule haukuhitajika. Tunasema mkono mmoja ulifuta kwa kijiko na mwingine ukaandika kwa ndoo.

Kwa hiyo wanaodai madeni yafutwe wadai pia kwamba kila mkopo mpya utangazwe kabla ya kutiwa saini, kwa Kirundi na Kiswahili, ukiwa na riba yake na mwaka wa kumalizika. Bunge liujadili hadharani. Na fedha zitakazookolewa, sehemu yake iende kwenye kahawa, kwa sababu huko ndiko dola hutoka.

Kuna jambo dogo zaidi ambalo halihitaji ruhusa ya Paris wala Washington. Jumuiya tayari ina cheti rahisi cha uasili kwa mizigo isiyozidi dola 2,000. Mzigo unaweza kuvuka bila ushuru, lakini fedha ya kuulipia haivuki. Benki kuu za Burundi na Tanzania zikae, zifungue dirisha la kubadilisha faranga kwa shilingi pale Kobero, kwa bei inayokubalika pande zote mbili, ili mama wa Muyinga anunue gunia la mchele Kabanga bila kwanza kuitafuta dola.