Barua ya wazi: Gari moja, dereva siku tatu, fundi sauti siku moja

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa taasisi ya umma ambayo sitaitaja, kwa kuwa yenyewe inajijua

YAH: SIKU MBILI ZA SAFARI MLIZOZIKATA

Ndugu Mkurugenzi,

Barua iliyoitangulia hii ilipokelewa masjala, ikagongwa muhuri, ikalala. Uhasibu waliniambia kwa upole kwamba viwango vya “vijana wa kamera” ni suala la manunuzi. Manunuzi wakasema ni suala lako. Basi nimekufikia.

Kazi yenyewe unaikumbuka: uzinduzi wa mradi wa maji mkoani Ruvuma, ule ambao picha zake zimepamba kalenda yenu. Tulikuwa watatu, mimi na kamera, fundi sauti na kijana wa taa. Ankara kifani yangu ilisema wazi kwamba siku ya tukio ni shilingi 1,200,000 kwa timu nzima na vifaa vyake, na siku mbili za safari, ya kwenda na ya kurudi, ni nusu ya bei hiyo kila moja. Jumla 2,400,000. Mkaipokea, mkatoa LPO, hati yenu ya kuagiza huduma, ya kiasi hicho hicho. Filamu ikakabidhiwa, ikaonyeshwa, ikapigiwa makofi. Ndipo mtu wa ofisi yako akachukua kalamu nyekundu akaandika pembeni mwa ankara: “Walipwe siku ya tukio tu. Safari si kazi.”

Safari si kazi. Sawa. Tulisafiri kwenye gari lenu. Dereva wenu, mtu mwema sana, alikuwa na posho yake ya kujikimu mfukoni kabla hatujavuka Chalinze. Afisa habari wenu naye vivyo hivyo. Sina kinyongo nao. Mwaka 2022 posho hizo zilipopandishwa, kiwango cha juu kutoka shilingi 120,000 hadi 250,000, nilifurahi kwa niaba yao kama mlipakodi mwenye moyo mkubwa. Lakini fundi sauti wangu alikaa nyuma ya dereva huyo huyo, akapanda naye Mlima Kitonga, akala naye wali maharage Makambako, wakalala nyumba moja ya wageni. Nieleze, Ndugu Mkurugenzi, ni kwa utaratibu gani dereva alifika Songea akiwa kazini, na aliyeketi nyuma yake akafika akiwa matembezini.

Na hiyo siku moja mliyoikubali, naomba uijue ilikuwaje. Tuliitwa uwanjani saa kumi alfajiri kwa sababu mgeni rasmi angefika saa tatu. Alifika saa tisa alasiri. Hafla ya usiku ikaongezwa palepale, na afisa wenu akaomba “na picha za juu kidogo”, kana kwamba droni hurushwa bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Tulikunja waya wa mwisho saa tano usiku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaiona siku ya kawaida ya kazi kuwa saa 9, haimruhusu mwajiri kumfanyisha mtu kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, na saa ya ziada inataka ilipwe mara moja na nusu. Najua jibu lako: hiyo ni ya waajiriwa, sisi ni watoa huduma. Kwa hiyo mwili wa mtoa huduma hauchoki. Saa hizo sikuzidai hata hivyo. Nilitaka tuendelee kuelewana.

Mnapoiona bei ya siku mnadhani ni bei ya kubonyeza kitufe. Lenzi niliyokodi Kinondoni ilitoka dukani Jumatatu ikarudi Jumatano usiku, na mwenye duka hakuniuliza kama Jumatatu ilipiga picha au ilishinda begini. Alihesabu siku tatu, 80,000 kila moja. Wakati tuko Njombe barabarani, siwezi kupokea harusi ya Mbagala. Bei hiyo hiyo ya siku hununua betri zinazokufa, kadi zinazogoma, na wiki ambazo simu haiiti kabisa.

Pesa ziliingia baada ya sikukuu zote za mwisho wa mwaka kupita. Zilikuwa 1,140,000, kwa maana kodi ya zuio, asilimia 5, ilikatwa. Hiyo haikuhitaji kikao wala kalamu nyekundu. Nikatoa 240,000 za lenzi, 240,000 za kijana wa taa na 600,000 za fundi sauti kama tulivyoandikiana. Nikabaki na 60,000, na humo mlikuwemo kamera yangu, uhariri na mimi mwenyewe. Kodi ya chumba nilikopa. Hayo yaache.

Usiloweza kuliacha ni la fundi sauti. Alisubiri hadi Januari, ada ya watoto ikambana, akauza maiki zake za kubana kifuani na miksa yake kwa bei ya kutupa. Pesa yake ilipofika alikuwa hana cha kufanyia kazi. Sasa anafunga spika kwenye ukumbi wa harusi Sinza, analipwa kila Jumapili asubuhi, na nikimpigia anacheka tu: “Kaka, huko kwenu siku zinapotea njiani.” Mpigapicha nitampata, Dar es Salaam imejaa vijana wenye kamera nzuri kuliko yangu. Fundi anayesikia friji likinguruma chumba cha pili kabla mimi sijaona kitu, huyo sina tena, na wala nyinyi hamnaye.

Filamu yenu ya uzinduzi uliofuata nimeiona. Mlipata timu ya bei nafuu, hongereni. Picha zinang'aa. Mgeni rasmi anaongea dakika nzima na upepo unamjibu. Mtu wa kuuzuia upepo ule alikuwa Sinza.

Si nyinyi peke yenu, nakiri. Mashirika yanayofadhili makongamano ya haki za wafanyakazi hutulipa kwa namna hiyo hiyo, na hutuomba tuwahi kurekodi hotuba ya ufunguzi. Kampuni kubwa husema bajeti imekwisha huku keki ikikatwa. Na Serikali, inayotutaka tujisajili kwenye NeST, mfumo wake wa manunuzi, tutoe risiti za kielektroniki na kuchukua vibali vya Bodi ya Filamu, inajua kila kitu kuhusu sisi isipokuwa siku yetu ina saa ngapi. Hotubani sisi ni vijana, moja ya makundi maalumu yaliyotengewa asilimia 30 ya manunuzi ya umma. Kwenye ankara ni vijana pia, na hapo neno hilo maana yake ni punguzo.

Ninachodai si kingi. Nilipeni 1,200,000 za siku mbili zilizoko kwenye LPO yenu wenyewe, na mkate asilimia 5 yenu mkipenda. Kisha, kabla hamjamwita mpigapicha mwingine, andikeni kwenye mkataba kwamba siku ni saa 10, zinazoanza saa mliyomwita na kuisha anapofunga begi la mwisho. Inayozidi ilipwe mara moja na nusu kama mnavyowalipa wenu. Safari iwe nusu siku kwa kila siku ya barabarani. Nusu ya malipo itangulie na iliyobaki ifike ndani ya siku 30. Dereva wenu hupewa posho kabla hajawasha gari, kwa hiyo msiniambie mfumo hauruhusu.

Wala msinitumie kijana wa ofisi kunibembeleza kwa ahadi ya kazi ijayo. Namba ya akaunti mnayo, na nakala ya LPO nimeiambatisha tena, ile yenye sahihi yako.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mpiga picha za video wa kujitegemea,
Dar es Salaam