Muulize Mwenzio Kuna Nini Chini ya Gari

Najua umezoea hapa tunaongelea mapenzi, mawifi na michango ya harusi. Mwezi huu naomba tuingie wote uvunguni mwa gari. Usifungue ukurasa mwingine, dada yangu! Hata mimi nilikuwa kama wewe. Gari kwangu lilikuwa rangi, viti na redio. Mpaka siku chuma kimoja ambacho hata jina lake sikulijua kiliponikalisha njiani wakati naenda kumchukua mama yangu mzazi, mgonjwa.

Tuna Hilux ya dabo kebini, ya mwaka 2008, tuliyoinunua mimi na baba watoto kwa kuchangishana. Tulichukua pikapu kwa sababu moja tu: nyumbani kwetu ni Matombo, kwenye Milima ya Uluguru, na ukishaiacha barabara kubwa kupandisha kwa mama, njia ni mawe matupu na makorongo yaliyochimbwa na mvua.

Masika yale, Jumamosi alfajiri, simu ikaita. Presha ya mama imepanda, kichwa kinamzunguka, haoni vizuri. Tukatoka Dar es Salaam giza halijaisha. Mpaka Morogoro mjini, karibu kilomita 200, tulikwenda vizuri, ila ule mtetemo ulikuwepo. Gari likifika spidi 80, sakafu ilikuwa inatetemeka chini ya miguu yangu. Nilishauliza kama mara tatu hivi. Jibu lilikuwa lile lile: "Balansi ya matairi tu hiyo, mama watoto."

Tulipobakiza kilomita chache kufika, tairi likateleza kwenye tope, gari likakalia jiwe. Jamani, kishindo kile! Baada ya hapo gia zikagoma, na chini kukaanza kutiririka oili nzito inayonuka kama yai viza. Kwa usiyejua, hiyo ndiyo harufu ya oili ya gia boksi. Safari yetu ikaishia hapo.

Tumekaa zaidi ya saa nzima, mara naona bodaboda inateremka. Nyuma ya dereva kakaa mama, kajifunga khanga, na mtoto wa jirani kamshikilia kwa nyuma asianguke. Akamwambia dereva asimame. Akaliangalia gari, akatuangalia sisi, akasema polepole: "Mwanangu, si mlisema mnakuja kunichukua? Mbona naona mimi ndiye nimewakuta?"

Sikuwa na jibu. Nikatafuta bodaboda nyingine nikamfuata hospitali. Mungu ni mkubwa, presha ilishuka, na mpaka leo mama yupo na analima. Lakini usiku ule, nimekaa kwenye benchi la wodini, niliwaza sana: je, kama asingepata bodaboda?

Maneno ya fundi

Jumatatu nikaenda gereji, pale Morogoro, kwa fundi anayelitazama gari letu kila tukipita. Baba watoto alikuwa kasimama, fundi yuko uvunguni, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikamsikia fundi anasema: "Bosi, si nilikuonyesha tangu mwezi wa pili? Hii krosimemba ilishapinda, na ufa ulishaanza."

Kimya. Fundi akajivuta akatoka, akaniona. "Kumbe shemeji upo!" Akajifanya anatafuta spana.

Msomaji wangu, mwezi wa pili! Na mwezi wa tatu mwenzangu alinunua bampa la chuma la mbele na taa nne za kuweka juu ya kebini. Gari lilipendeza, sio siri, hata mimi nilipiga nalo picha. Chini lilikuwa limepasuka, na mwenye habari alikuwa mmoja tu.

Sikupiga kelele. Nilimuuliza fundi hicho kitu ni nini hasa, maana nilichoka kuambiwa balansi. Alinieleza vizuri kuliko walimu wengi niliowahi kukaa mbele yao. Chesisi ya pikapu, alisema, ifikirie kama ngazi iliyolazwa chini: nguzo mbili ndefu, na vipandio vinavyoziunganisha. Krosimemba ni kipandio. Kile cha katikati ndicho kinachobeba gia boksi, ikiwa imekalishwa juu ya raba. Kikipinda, gia boksi inashuka, propela inakwenda kwa pembe isiyo yake, na hapo ndipo mtetemo unapoanza. Kikipasuka kabisa, jiwe linalofuata linaikuta gia boksi yenyewe, ambayo ganda lake ni aluminiamu, na linavunjika.

Halafu kuna sampu gadi, lile bamba linalokaa chini ya injini kuikinga sampu ya oili. Letu la kiwandani lilifunguliwa siku moja wakati wa kumwaga oili, gereji nyingine kabisa, na halikurudishwa. Wala hatukugundua! Na hata lingekuwepo, ni bati jembamba la kuzuia matope na vijiwe, halina ubavu wa kubeba uzito wa gari lililokalia jiwe.

Tulivyochagua

Kurudishia krosimemba ile ile ya kiwandani kulikuwa rahisi, ila kwa njia yetu tungerudi pale pale. Tukaamua kutafuta iliyotengenezwa imara zaidi, pamoja na mabamba yake. Hapo vita ya pili ikaanza. Baba watoto alitaka seti ya aluminiamu inayong'aa, kutoka nje. Mimi nilitaka kitu cha bei nafuu, tukachomelewe Gerezani tumalize. Fundi akatuambia wote wawili tumekosea, akatupa maswali ya kuuliza kabla ya kutoa hela. Nakupa na wewe.

Swali la kwanza: inafungwaje? Chagua inayofungwa kwa bolti kwenye matundu yale yale ya kiwandani. Moto wa kuchomelea unaidhoofisha chesisi na kuunguza rangi, na kutu inaanzia hapo. Tena siku ukitaka kubadilisha klachi, gia boksi lazima ishushwe, na krosimemba lazima itoke. Iliyochomelewa utaitoa kwa kuikata. Bolti nazo zina namba kichwani: 8.8 ni nzuri, 10.9 ni ngumu zaidi. Isiyo na namba, mwachie mwenyewe dukani.

La pili: gia boksi itakaa pale pale ilipokuwa? Krosimemba nzuri inapanda juu na kukaa sawa na tumbo la gari, haining'inii. Lakini sehemu inayobeba raba isibadilike kimo. Ikiinuka au ikishuka, propela inapinda tena na mtetemo unarudi. Pima kwa futi kutoka chini hadi sehemu ya chini kabisa ya gari, kabla na baada ya kufunga. Usije ukanunua kinga inayopunguza nafasi uliyokuwa nayo.

La tatu: chuma au aluminiamu? Hapa nilichukua kalamu. Bamba la chuma la mita moja ya mraba, unene milimita 4, ni kama kilo 31. La aluminiamu, unene milimita 6, ni kama kilo 16. Tofauti hiyo ni mkungu mzuri wa ndizi, na ndizi ndizo tunazobeba tukirudi. Ila aluminiamu ni laini, jiwe linaichimba na kuing'ang'ania, wakati chuma kinateleza juu ya jiwe. Chuma kinashika kutu, lakini kikipinda, fundi yeyote wa kijijini mwenye nyundo atakinyoosha. Kuchomelea aluminiamu kunataka mtambo wake na mtu anayeujua. Anayeendesha kwenye mchanga na matope aluminiamu itamfaa. Sisi wa kwenye mawe tulichukua chuma.

La nne: ina matundu? Lazima kuwe na tundu la kumwagia oili na la kufikia filta, la sivyo kila sevisi bamba linafunguliwa, na sasa unajua lililofunguliwa linaweza lisirudi. Matundu pia yanapitisha hewa na kutoa matope. Ukipita kwenye nyasi kavu, chungulia: zikijikusanya juu ya bamba karibu na bomba la moshi, zinaweza kuwaka moto.

La tano, ambalo ndilo lililotuamulia: bamba linashikilia wapi? Mengi hufungwa kwenye krosimemba yenyewe. Kwa hiyo bamba nene kwenye krosimemba iliyochoka ni kazi bure, jiwe litang'oa vyote viwili. Anza na krosimemba, ndipo ununue bamba. Na bamba lisigusane na sampu, liachiwe nafasi, kwa sababu likipigwa linabonyea kidogo. Kama hela haitoshi, nunua vipande: kimoja cha gia boksi, kingine cha injini baadaye.

Tulichokuwa tumefichana

Usiku ule, nyumba ya wageni pale Morogoro, ndipo tulipoongea. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alikaa muda mrefu. Akasema siku aliyoonyeshwa ule ufa alikuwa ameshalipa nusu ya hela ya bampa na taa, na muuzaji hakurudisha. Aliona aibu kuja kuniambia kwamba hela imeishia kwenye mapambo wakati gari linakatika. Akajipa moyo kwamba litavumilia mpaka mwisho wa mwaka. "Sikutaka kukutia wasiwasi," akamalizia.

Nilikuwa na hotuba ndefu tayari, msomaji wangu. Nimesomea mawasiliano chuo kikuu, maneno ninayo! Lakini kuna kitu kilinikaba. Mimi nina kikoba. Mwenzangu anajua ninacho, ila kiasi kilichomo hajawahi kukijua. Ile krosimemba ningeweza kuilipia mwezi ule ule wa pili. Je, angeniambia, ningetoa? Au ningesema, "Hela sina, baba watoto"? Kusema ule ukweli, ningesema sina.

Basi nikamtajia kiasi. Alishtuka, akacheka, halafu akanuna, halafu akacheka tena. Hatukumaliza yote siku ile. Kuna maneno tulirushiana ambayo mengine bado yanauma, na sitakudanganya kwamba krosimemba imeponya ndoa. Lakini asubuhi yake yeye mwenyewe ndiye aliyesema zile taa nne ziuzwe. Mimi nikaongezea kutoka kwenye kikoba. Tukanunua krosimemba ya chuma ya kufunga kwa bolti, na bamba la gia boksi. La injini lilisubiri miezi miwili.

Mwezi wa sita tukapanda tena kwa mama. Pale pale penye lile jiwe, chini kukasikika kitu: ngaa! Chuma juu ya jiwe. Moyo wangu ukaruka. Baba watoto akasimamisha gari, akateremka na suruali yake safi, akalala chali kwenye vumbi, akaingia uvunguni. Zamani angetokea akasema, "Hamna kitu, twende." Safari hii alikuja dirishani, akaniambia: bamba limekwaruzwa upande wa kushoto, bolti moja imelegea kidogo, oili hakuna, tukifika ataikaza.

Ikakazwa uani kwa mama. Mama alikaa kwenye mkeka anatuangalia, akauliza kama safari hii gari limekuja lenyewe au tumelibeba.

Ushauri wangu mwezi huu ni mdogo. Jumapili hii, mkitoka kanisani, au siku yoyote mkiwa na nafasi, waiteni fundi na mwenzio, ingieni uvunguni wote wawili. Dada, vaa khanga kuukuu na wewe uingie! Uliza kila chuma kinaitwaje na kiko katika hali gani. Na ukisikia gari linatetemeka, uliza mara ya nne.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.